Mchanga wa Kipini Unatuhusu Sisi wa Nyeri

Watu wa mlimani tukisema twaenda Pwani, huwa ni Malindi au Diani: tuoge, tupige picha, turudi. Desemba iliyopita niliipita Malindi, nikashika njia ya Garsen na Witu hadi Kipini, mji mdogo wa wavuvi ambako Mto Tana unaingia baharini. Nawasihi wenzangu wa Nyeri wafike huko, hasa wenye mashamba mtoni.

Nilivua viatu. Mchanga wa juu ulichoma nyayo. Wa chini, uliolambwa na maji, ulikuwa mgumu na baridi. Nilitarajia bahari ya buluu, nikakuta mawimbi ya rangi ya chai ya maziwa. Mvuvi aliyekuwa akishona jarife aliniuliza nilikotoka. Nikamwambia Nyeri.

"Basi karibu, mzee. Umeyafuata maji yenu."

Alisema kweli. Shamba langu la Othaya linateremka hadi Mto Gura. Gura, Chania na Sagana hukusanya maji ya Nyandarua na Mlima Kenya, na humo ndimo Tana inamozaliwa, mto wa kilomita 1,000 hivi.

Maji hayo hubeba udongo wetu, na ndio unaoyapa rangi ile ya chai, ingawa si wote unaofika Kipini. Mwingi hutuama Masinga, bwawa lililokamilika mwaka 1981, ukila nafasi ya maji yanayozungusha mitambo ya umeme kuanzia hapo hadi Kiambere. Miaka yote niliona Gura ikigeuka nyekundu kila masika nikadhani ndiyo desturi ya mvua. Kumbe ni shamba langu lililokuwa likiondoka, pamoja na mbolea niliyoinunua.

Najua jibu la majirani: ukingoni ndipo nduma hunawiri, na nduma hulipa karo. Zangu pia zililipa. Lakini angalau mita 6 za ukingo ambazo sheria inatutaka tuziache ndizo zinazouzuia mteremko mzima usiporomoke.

Januari niling'oa nduma zilizokaribia maji, nikapanda mianzi na mabingobingo. Ng'ombe watapata majani, udongo utapata kizuizi. Shamba moja haliwezi kuusafisha mto, kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti igawe miche ya mianzi kabla ya mvua za Machi. Nami nina vipando vya mabingobingo vya kutosha. Jirani yeyote wa ng'ambo avuke aje achukue.