Kinachokatwa Ndani ya Tangi la Samaki

Miongoni mwa kazi ambazo watu huzidharau kwa kuwa hufanyika ndani ya nyumba, mbele ya kioo, kwa mkasi mmoja na mikono iliyolowa, imo kazi ya kupunguza mimea hai iliyopandwa katika tangi la samaki wa pambo. Nami naona kuwa taksiri kubwa katika kazi hii haimo katika kukata kwenyewe, ambako mtu aweza kujifunza kwa siku chache, bali imo katika mahali anapokitupa kile alichokikata.

Kukata ni wajibu. Mmea uliositawi kupita kiasi huinyima nuru mimea iliyo chini yake, majani ya chini hufifia na kuoza, na uozo huo hula hewa iliyomo majini na kuzaa amonia, sumu iwezayo kuwaua samaki. Mkasi wa kazi hii aghalabu huwa mrefu, wenye ncha iliyopinda, ili mkono usitibue mchanga. Nao sharti uwe mkali, kwani mkasi butu huliponda shina, na shina lililopondwa huoza kabla halijachipua. Pampu huzimwa kwanza ili vipande visitawanyike. Mmea wenye shina refu hukatwa juu kidogo ya kifundo, na pale pale penye kifundo huchomoza machipukizi mapya, ilhali kile kilele kilichokatwa, kikiondolewa majani ya chini na kuchomekwa mchangani kwa kibano, huota mizizi na kuwa mmea kamili. Valisneria, ambayo majani yake ni marefu kama utepe na ambayo humea pia katika Ziwa Tanganyika, haipendi kukatwa katikati ya jani, kwa sababu jani hilo hugeuka rangi na kuoza; jani lililozeeka huondolewa lote tangu shinani. Anubiasi nayo humea polepole mno, basi huondolewa jani moja moja pamoja na kikonyo chake, na shina lake linalotambaa halifukiwi kamwe. Wala mtu asipunguze zaidi ya theluthi ya mimea kwa mara moja.

Mkulima wa kahawa wa Kasulu, hapa kwetu mkoani Kigoma, apogoapo mibuni yake huyaacha matawi chini shambani bila ya wasiwasi, kwa maana tawi la mbuni lililolala juu ya udongo hukauka na kuwa mbolea. Mimea mingi ya majini haina tabia hiyo. Kipande chenye kifundo kimoja tu, kikiangukia maji, ni mche uliokwisha kupandwa. Hidrila, mmea wa asili ya Asia, uliingia Florida, Marekani, katika miaka ya 1950 kwa biashara ya mimea ya matangi, na hata leo serikali ya huko hutumia mali nyingi kuuzuia usizibe mito na maziwa.

Lakini hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta ithibati. Gugu maji, asili yake Amerika ya Kusini, lilisambazwa duniani kwa uzuri wa ua lake la zambarau, likapandwa katika vidimbwi vya bustani. Na baada ya kushuka na Mto Kagera, unaokusanya maji ya Burundi na Rwanda na kupita Ngara, jirani yetu wa kaskazini, lilionekana katika Ziwa Viktoria kuelekea mwaka 1990. Halikuhitaji mbegu nyingi, kwani huzaliana kwa vishina vitambaavyo. Katika miaka iliyofuata meli na mitumbwi ilikwama Kisumu na Mwanza, na wavuvi wakazuiliwa kufika majini, hata ikabidi kuleta wadudu wa jamii ya fukusi wa kulila gugu hilo.

Atasema mtu kwamba matangi ni machache Kibondo na Kasulu, basi hofu hii ni ya nini? Namjibu kwamba wakati wa kujihadhari ndio huu ambapo ni machache. Kigoma imewahi kusafirisha samaki wa rangi wa ziwa letu kwenda kupamba matangi ya Ulaya na Marekani, na njia ipitishayo bidhaa kwenda huweza pia kuipitisha kurudi. Maji ya nyanda zetu huteremkia Muyovozi na Malagarasi, huenea katika kinamasi kikubwa cha mafunjo wanamoishi nzohe, kisha huingia Ziwa Tanganyika. Kinamasi hicho pamoja na ardhi inayokizunguka, eneo la hekta zaidi ya milioni tatu kwa jumla, kiliandikwa mwaka 2000 kuwa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania chini ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar, na wavuvi wengi wa Uvinza hupata riziki humo. Amana ya namna hiyo haistahili kuhatarishwa na kiganja cha majani.

Kwa hiyo nawasihi wenye matangi, na wauzaji wa mimea kabla yao, wasimwage vipande wala maji ya tangi katika kijito, mtaro au kidimbwi. Vipande vyote vikusanywe kwa wavu, vianikwe juani juu ya bati mpaka vivunjike mkononi, ndipo vifukiwe migombani. Na maji yachujwe kwa kitambaa, kisha yamwagiwe bustani iliyo mbali na mto.