Marufuku Haikuiondoa Sumu

Januari 2016, mzoga wa nyangumi muuaji jike ulikutwa ufukweni katika kisiwa cha Tiree, magharibi mwa Scotland. Watafiti walikuwa wakimfuatilia kwa miaka mingi na walimwita Lulu. Kilichomuua ni kamba za uvuvi zilizomnasa. Lakini kipimo cha mafuta ya mwili wake kilionyesha miligramu 957 za PCB katika kila kilo, takriban mara 20 ya kiwango ambacho wanyama wa jamii yake wanadhaniwa kukihimili. Alikuwa na umri wa miaka 20 au zaidi, na ovari zake zilionyesha kwamba hakuwahi kuzaa. Kundi lake dogo halijaonekana na ndama hata mmoja tangu lianze kufuatiliwa.

PCB ni mafuta ya viwandani yaliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1929. Hayashiki moto kwa urahisi wala hayaozi, ndiyo maana yakajazwa kwenye transfoma na kapasita duniani kote. Zaidi ya tani milioni 1 zilitengenezwa kabla Marekani haijapiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979 na nchi nyingine kufuata.

Ikivuja kutoka kwenye vifaa na taka hizo, sumu hii huishia baharini, na huko hunasa katika mafuta ya viumbe: vijidudu huliwa na samaki wadogo, hao huliwa na wakubwa, sili huwala samaki, na nyangumi muuaji humla sili. Kila hatua sumu huzidi kujilimbikiza. Dume hana pa kuitua, hufa nayo. Jike huipunguza hasa kwa njia moja, nayo inauma kuitaja: kunyonyesha. Maziwa ya nyangumi ni mazito kwa mafuta, na mtoto wa kwanza ndiye hupokea sehemu kubwa ya kile mama alichokusanya tangu utotoni. Lulu hakupata wa kumnyonyesha, hivyo yote ilibaki mwilini mwake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya makundi ya nyangumi wauaji duniani yamo hatarini kwa sababu ya PCB. Wanaokula samaki wadogo karibu na Norwei wana nafuu. Wanaokula sili, papa na wanyama wengine wakubwa, hasa karibu na pwani zenye viwanda, ndio wanaoangamia.

Tunakosea tunapohesabu marufuku kuwa mwisho wa kazi. Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti sumu zisizooza, uliweka mwaka 2025 kuwa kikomo cha kutumia vifaa vyenye PCB, na 2028 kikomo cha kushughulikia taka zake kwa usalama. Kenya na Tanzania ni wanachama. Transfoma chakavu zingali zimerundikwa kwenye yadi. Nyingine hutobolewa usiku na mafuta yake kuibwa, na nchini Kenya imeripotiwa kwamba huuzwa kwa wakaanga chipsi. Si kila transfoma ina PCB, ila kwa macho hakuna awezaye kutofautisha; lazima mafuta yapimwe.

Kwa hiyo jarida hili linadai jambo linalowezekana: mashirika ya umeme yatangaze hadharani ni transfoma ngapi za zamani zimepimwa, ngapi zimekutwa na sumu, na mafuta yake yamepelekwa wapi kuteketezwa.