MAMBO YA NYUMBANI: Simu, Radi na Waya wa Ardhini

Penye simu ya waya, iwe ni nyumbani, shuleni au katika zahanati, mara nyingi pana waya mmoja utokao kwenye kisanduku cha ukutani na kuingia ardhini. Wako watu wanaodhani kuwa waya huo umesalia tu, wakaukata wapate cha kufungia mlango wa banda la kuku. Leo na tuutazame vizuri, maana huo hulinda uhai wa watu.

Tuanze na habari zake za zamani. Mwaka wa 1838 mtaalamu mmoja wa Munich, Ujerumani, jina lake Carl August Steinheil, aligundua kwamba ardhi yenyewe yaweza kuurudisha umeme wa telegrafu ulikotoka. Hapo kwanza zilitakiwa nyaya mbili, wa kwenda na wa kurudi. Kumbe mmoja watosha, na kazi ya wa pili ikafanywa na udongo. Simu ilipotokea mwaka wa 1876 ikafuata desturi hiyo hiyo. Wakulima wa Marekani walivuta waya mmoja toka nyumba hata nyumba, na kila nyumba ikachimbiwa fimbo ya chuma. Kiangazi kilipozidi sauti ilififia. Basi watu wakatoka na ndoo ya maji, wakalowesha udongo penye fimbo, na sauti ikarudi. Hapo twapata fundisho la kwanza: udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida, wenye unyevu huupitisha vizuri.

Baadaye taa za umeme na treni za mijini zilileta makelele katika simu hizo, hata simu zikapewa nyaya mbili. Lakini waya wa ardhini ulibaki kwa kazi nyingine, yaani kuondoa hatari.

Kazi hiyo hufanywa hivi. Radi ikipiga karibu na nguzo, umeme wake hukimbia katika waya wa simu mpaka nyumbani. Ndani ya kile kisanduku mna vipande viwili vilivyokaribiana sana pasipo kugusana: kimoja kimefungwa na waya wa simu, cha pili na waya wa ardhini. Umeme mdogo wa simu hauwezi kuruka pengo hilo. Umeme wa radi huliruka mara moja ukashuka ardhini, usiingie katika sikio la mwenye kusema. Basi, ukiukata waya wa ardhini, kisanduku kile hakina faida tena.

Sasa liko kosa moja linalofanywa na watu wengi. Nyumba ina fimbo mbili, moja ya umeme wa taa, ya pili ya simu, nazo hazikuunganishwa. Mwenye nyumba asema, “Ardhi ni ardhi.” Sivyo, ndugu yangu. Hebu tupige hesabu. Tuseme sehemu ndogo tu ya radi, ampea 1,000, imeshuka katika fimbo ya umeme, na udongo waizuia kwa kiasi cha omu 25. Zidisha: utapata volti 25,000. Kwa dakika ile ile mabati ya friji na ya vyombo vingine vilivyofungwa kwenye fimbo hiyo yamepanda kiasi hicho, bali simu, yenye fimbo yake mbali, haikupanda hivyo. Mama ameshika simu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameuegemeza kwenye friji. Tofauti hiyo kubwa itapita wapi? Itapita mwilini mwake.

Ni kama mtu aliyesimama mguu mmoja katika mtumbwi huu na mguu wa pili katika mtumbwi ule. Wimbi likiinua mmoja, ataanguka. Lakini mitumbwi ikifungwa pamoja barabara, huinuka pamoja naye akasalimika. Ndivyo zilivyo fimbo mbili zilizounganishwa: vyombo vyote hupanda pamoja na kushuka pamoja.

Ndiyo maana sheria za umeme za Marekani zaagiza kisanduku cha simu kifungwe kwenye ardhi ile ile ya umeme wa nyumba, kwa waya mfupi ulionyooka, usiozidi mita 6 katika nyumba ya familia moja. Ikishindikana, simu ipewe fimbo yake isiyopungua urefu wa mita 1.5, kisha iunganishwe na fimbo ya umeme kwa waya mnene wa shaba. Waya mrefu wenye kujikunjakunja huikawiza radi, nayo hutafuta njia nyingine. Tena bomba la gesi lisitumiwe kamwe, na bomba la maji la plastiki halifai kitu, kwani halipitishi umeme.

Huku vijijini wengi wetu tuna simu za mkononi. Hizo hazina waya, wala haziiti radi. Lakini ukiichomeka ichaji ukutani huku waongea, umejifunga na nyaya za nyumba kama yule mama.

Basi, tushike mambo haya. Ngurumo zikisikika, tusitumie simu ya waya wala simu iliyo kwenye chaji. Chaja tuzichomoe mapema. Tukague waya wa ardhini kabla ya masika: umekatika? Umelegea? Umeliwa na kutu? Kuurekebisha ni kazi ya fundi mwenye leseni, naye tumwulize, “Je, ardhi ya simu na ya umeme zimeunganishwa?” Na watoto tuwafundishe kwamba waya ule si wa kuchezea. Hata waya mzuri hauwezi kuzuia kila radi, hivyo wakati wa ngurumo simu na ingoje.