Javeli haiondoi chokaa

Tumeshauriwa kwamba ukoko mweupe kwenye robine za Kamina ni uvivu wa kusafisha: mwagia javeli, sugua kwa waya wa sufuria, ukigoma ongeza siki.

Uvivu gani? Ni chokaa inayobaki maji yakikauka. Hata birika la chai linao, na hakuna anayeogea humo. Waya hukwaruza kromu tu. Javeli huua vijidudu, na chokaa si kijidudu: inabaki ileile, sasa inanuka hospitali. Ama kuchanganya javeli na siki, hapo mshauri amepitiliza. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, tena ndani ya bafu lenye kidirisha cha kiganja! Siki peke yake ilitosha. Lowesha kitambaa, kizungushie robine, kiache saa moja. Mapovu yakitoka, chokaa inayeyuka. Huna siki? Kamua ndimu.