Tuulize kabla ya kulipia ushauri nasaha wa simu

Ndugu Mhariri,

Mwaka jana mdogo wangu wa Korogwe alifiwa na mume. Usingizi ukamtoroka, chakula hakipiti. Akampata mshauri nasaha wa kuongea naye kwa simu ya video, akatakiwa kutanguliza malipo ya vikao vinne. Kikao cha pili mtandao ulikatika baada ya dakika kumi. Kikahesabiwa kimekwisha, na fedha haikurudi.

Sisemi huduma hii haifai. Kikao cha kwanza kilimpa ahueni, na kwetu Handeni nauli ya kwenda Tanga mjini kila wiki kumwona mshauri ana kwa ana ni mzigo. Lakini tuulize kabla ya kutuma fedha: mshauri amesomea wapi, na nani anamtambua? Kikao ni dakika ngapi? Mtandao ukikatika, kinafidiwa? Tulipe kimoja kimoja, tutunze ujumbe wa muamala, na tujumlishe bando na makato ya kutuma. Tutafute pia faragha. Chumba cha kupanga chenye ukuta mwembamba hakitunzi siri.

Mtu akianza kusema anataka kujiua, asingoje kikao. Apelekwe hospitali mara moja, kama Magunga ya Korogwe au Bombo ya Tanga mjini, na asiachwe peke yake.

Naiomba Wizara ya Afya itangaze orodha ya washauri wanaotambulika, ibandikwe hata kwenye zahanati za vijijini. Mwenye majonzi hana nguvu za kuchunguza; tumsaidie.

Msomaji wako,
Chanika, Handeni