Maoni ya umma bila meno: Funzo la barabara na reli za Oakland

KUSHAURIANA na wananchi kabla ya kujenga barabara au reli ni jambo ambalo kila serikali hulisifu hadharani na aghalabu hulikwepa faraghani. Tofauti baina ya nchi moja na nyingine haimo katika uzuri wa maneno ya sheria. Imo katika jibu la swali moja: mradi ukiendelea bila wananchi kusikizwa, ni nani atakayeumia? Ni mjenzi au ni mwananchi?

Nchini Marekani, jibu lililojengwa kidogo kidogo tangu miaka ya sitini ni kwamba mjenzi anaweza kunyimwa fedha. Serikali ya shirikisho haichori ramani ya kila barabara ya mtaa, lakini ndiyo yenye mfuko, na mfuko huo hufunguliwa kwa masharti.

Jibu hilo sasa limetikisika. Mnamo Januari 2025 Rais Donald Trump alifuta amri iliyotolewa na Rais Bill Clinton mwaka 1994, ambayo iliziagiza idara za serikali zichunguze iwapo miradi yao inawatwisha maskini na jamii za walio wachache mzigo mzito kupita wengine. Aprili mwaka huo huo, amri nyingine ya Trump iliziagiza idara zilegeze utekelezaji wa kanuni zinazopima ubaguzi kwa matokeo yake badala ya nia ya mtendaji.

Kwa msomaji wa Kenya, mambo haya yanaweza kuonekana ya mbali. Hata hivyo, yanagusa kiini cha mjadala tulio nao hapa kuhusu ushirikishaji wa umma. Ili kuuelewa uzito wake, ni vyema kwanza kutazama jinsi mfumo huo wa Marekani unavyofanya kazi, kisha tuuone ukijaribiwa katika mji mmoja.

Mfuko na masharti yake

Sheria ya barabara ya mwaka 1962 iliweka sharti kwamba kila eneo la mji lenye zaidi ya watu 50,000 liwe na mipango ya uchukuzi inayoendelea, inayozingatia mambo yote na inayofanywa kwa ushirikiano baina ya majimbo na serikali za mitaa. Kutokana na sharti hilo zilizaliwa bodi za mipango ya uchukuzi, ambazo leo zinapita 400. Katika bodi hizo huketi mameya, madiwani, maafisa wa jimbo na wawakilishi wa mashirika ya usafiri.

Kila bodi hutakiwa kuwa na mpango wa muda mrefu unaotazama angalau miaka 20 mbele, pamoja na orodha ya miradi ya miaka minne ijayo. Orodha hiyo ndiyo lango. Mradi unaohitaji fedha za shirikisho sharti uwe ndani yake, na haiwezi kujazwa ndoto tu, kwani sharti ionyeshe fedha za kila mradi zitatoka wapi.

Mwaka 1991 sheria nyingine, iliyotiwa sahihi na Rais George H. W. Bush, iliwapa wananchi nafasi kubwa zaidi katika mipango hiyo. Chini ya kanuni zilizofuata, bodi hulazimika kuandika mpango wa namna itakavyowashirikisha washikadau: wenyeji, wafanyakazi wa uchukuzi, wenye malori, abiria wa mabasi, waendesha baiskeli, walemavu na wengineo. Mpango huo wenyewe huwekwa wazi kwa muda usiopungua siku 45 kabla ya kupitishwa. Maoni mengi na mazito yakitolewa kwa maandishi kuhusu rasimu ya mpango wa uchukuzi, bodi hutakiwa kuchapisha muhtasari wake na kueleza yalifanyiwa nini. Katika maeneo yenye zaidi ya watu 200,000, wakaguzi wa serikali ya shirikisho huja kila baada ya miaka minne kuthibitisha kwamba masharti yanafuatwa.

Juu ya hayo yote kuna Sehemu ya Sita ya Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, inayokataza ubaguzi wa rangi au asili katika shughuli yoyote inayopokea fedha za shirikisho. Mwaka 2001, hata hivyo, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtu binafsi hawezi kushtaki chini ya sehemu hiyo kwa sababu tu mradi una matokeo ya kibaguzi. Sharti athibitishe kuwa ubaguzi ulikusudiwa. Anayelalamikia matokeo alibakiwa na mlango mmoja, nao ni kupeleka malalamishi kwa idara inayotoa fedha na kungoja hatua yake.

Barabara iliyoanguka

Mji wa Oakland, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco, unayajua mambo haya kwa uchungu. Mwaka 1957 barabara ya ghorofa mbili ilifunguliwa katikati ya Oakland Magharibi, mtaa uliokuwa kitovu cha maisha ya Wamarekani Weusi. Nyumba zilibomolewa, na waliosalia wakatenganishwa na majirani wao kwa ukuta wa saruji na moshi wa magari. Enzi hiyo serikali ya shirikisho ililipa asilimia 90 ya gharama za barabara kuu za kitaifa, na wahandisi walitafuta njia iliyo rahisi kupita. Njia rahisi mara nyingi ilikuwa mtaa wa wasio na sauti.

Oktoba 17, 1989, tetemeko la ardhi liliiangusha barabara hiyo na watu 42 wakafa humo. Jimbo lilipotaka kujenga upya, wakazi walikataa katakata irudishwe palepale. Safari hii, tofauti na mwaka 1957, walikuwa na sheria za mazingira na za mashauriano mkononi, na ilikuwa vigumu kuwapita. Barabara mpya ilizungushwa kando ya mtaa, karibu na reli na bandari, ikafunguliwa mwaka 1997. Mahali pa ile ya zamani sasa pana njia pana yenye miti, inayoitwa Mandela Parkway kwa heshima ya Nelson Mandela.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wakazi wa Oakland Magharibi walikilalia kwa miaka 32 kabla ya kuulizwa kina kunguni wangapi.

Reli iliyonyimwa fedha

Kisa cha pili kinaonyesha uwezo wa mfuko, na pia mpaka wa uwezo huo. Shirika la reli za abiria la eneo hilo, BART, liliazimia kujenga njia fupi ya juu, yenye urefu wa takriban kilomita 5, kutoka stesheni ya Coliseum hadi uwanja wa ndege wa Oakland. Tayari palikuwa na basi kati ya vituo hivyo viwili, kwa nauli ya Dola 3. Tume ya uchukuzi ya eneo zima, MTC, iliutengea mradi huo Dola 70 milioni kutoka fedha za kufufua uchumi zilizoidhinishwa mwaka 2009.

Makundi ya kutetea abiria na wakazi yalipinga. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Njia hiyo ingepita juu ya vichwa vya wakazi wa Oakland Mashariki bila kituo hata kimoja cha katikati, huku mabasi wanayopanda kila siku yakipunguzwa kwa ukosefu wa fedha. Walisema basi la kasi lingefanya kazi hiyo hiyo kwa sehemu ndogo ya gharama. Mwaka 2009 walipeleka malalamishi kwa idara ya shirikisho inayosimamia usafiri wa umma.

Idara ilichunguza, ikagundua kwamba BART haikuwa imefanya tathmini iliyotakiwa ya jinsi nauli na huduma hiyo mpya ingewaathiri maskini na jamii za walio wachache. Si kwamba tathmini ilifanywa ikaleta majibu mabaya, haikufanywa. Mapema mwaka 2010 mkuu wa idara hiyo, Peter Rogoff, aliiandikia BART na MTC kwamba fedha hizo hazitatolewa, kwa kuwa muda uliosalia haukutosha kurekebisha kasoro. Dola 70 milioni zikaelekezwa kwa mashirika ya usafiri ya eneo hilo kusaidia huduma zilizokuwapo.

Huo ulikuwa ushindi wa haki, na mashirika mengine ya usafiri kote nchini yalipata somo. Lakini kisa hakikuishia hapo. BART ilitafuta fedha kwingineko na kuendelea kujenga. Novemba 22, 2014, njia hiyo ilifunguliwa ikiwa imegharimu takriban Dola 484 milioni, na nauli yake ilikuwa Dola 6, maradufu ya nauli ya basi lililoondolewa. Kituo cha katikati hakikuwapo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Masharti ya shirikisho hupima utaratibu: je, mliuliza, mlichunguza, mliandika? Hayaamui mradi upi ni bora. Anayefuata kila hatua anaweza bado kujenga asichotaka jirani, na anayekosea hatua akiwa na fedha nyingine anaweza kuendelea vilevile. Hata hivyo, bila sharti lile la tathmini, wakazi wa Oakland Mashariki wasingekuwa na hata pa kulalamikia.

Jambo kama hilo lilionekana mjini Houston. Jimbo la Texas lilipanga kupanua barabara kuu ya I-45, mradi uliotarajiwa kuondoa makao 1,079, biashara 344, mahali pa ibada patano na shule mbili. Machi 2021 serikali ya shirikisho iliagiza kazi isimamishwe ili ichunguze malalamishi ya haki za raia. Miaka miwili baadaye, Machi 2023, yalifikiwa makubaliano yaliyolitaka jimbo lipunguze madhara na kuwapa waathiriwa misaada zaidi, kisha mradi ukaruhusiwa. Jimbo lilisimama kwa sababu aliyeshika mfuko alisema simama.

Ndiyo sababu amri za mwaka 2025 ni nzito. Sheria ya 1964 haijafutwa, na kanuni za mashauriano zimo vitabuni. Lakini mahakama ilikwisha kuufunga mlango wa kesi za watu binafsi kuhusu matokeo mwaka 2001, na sasa idara iliyobakia na ufunguo wa mlango wa pili imeagizwa isiuharakishe kuufungua. Wakazi wataendelea kualikwa mikutanoni, watazungumza, na maneno yao yataandikwa. Kisichojulikana ni nani atakayejali wasipoalikwa.

Na sisi je?

Kenya ilichagua njia nyingine. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kimeutaja ushirikishaji wa umma miongoni mwa maadili ya kitaifa, na vifungu vya 22 na 258 vinampa mtu yeyote ruhusa ya kwenda mahakamani haki zikikiukwa au Katiba ikivunjwa. Kwa maandishi, tumewapita Wamarekani. Mlango waliofungiwa wao mwaka 2001, kwetu uko wazi.

Tatizo letu ni wakati. Wavuvi wa Lamu waliwasilisha kesi kuhusu bandari mpya mwaka 2012. Uamuzi wa Mahakama Kuu ulitolewa Aprili 2018, ukasema kwamba haki zao za kupata habari, za mazingira safi na za utamaduni zilikiukwa, na ukaagiza wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe zaidi ya Sh1.7 bilioni. Ilikuwa hukumu ya kihistoria. Lakini kabla ya hukumu hiyo kutolewa bahari ilikuwa tayari inachimbwa, na Mei 2021 gati la kwanza lilifunguliwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Fidia humsaidia mvuvi, haimrudishii mahali pa kutegea nyavu.

Ajabu ni kwamba pale ambapo mashauriano hapa nchini huwa na meno kabla ya ujenzi, mara nyingi meno hayo ni ya mkopeshaji wa nje. Mikopo ya Benki ya Dunia huja na masharti kuhusu mazingira na uhamishaji wa watu. Mkopeshaji mwingine asipoweka masharti kama hayo, au mradi ukijengwa na mwekezaji binafsi, mwananchi hubaki na mahakama pekee.

Vyombo vya kurekebisha hali hii tunavyo. Mwaka 2017 iliundwa mamlaka ya uchukuzi ya eneo la Nairobi, NaMATA, inayozihusisha kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Mtu anayelala Kitengela na kufanya kazi Industrial Area hupita mipaka ya kaunti kila asubuhi, na hakuna gavana mmoja anayeweza kumpangia safari yake. Wazo la mamlaka hiyo linafanana sana na zile bodi za Marekani. Kinachokosekana ni ule uhusiano wa orodha na mfuko: kwamba mradi usiomo katika mpango uliojadiliwa hadharani usipate hata senti.

Vivyo hivyo kwa ushuru wa mafuta wa kukarabati barabara, unaosimamiwa na Bodi ya Barabara nchini. Magavana na wabunge wamevutana kwa muda mrefu kuhusu nani azitumie fedha hizo. Yafaa mvutano huo ujumuishe swali jingine: kabla fedha hazijatolewa, ni nani atathibitisha kwamba wafanyabiashara wa kando ya barabara, wahudumu wa matatu na bodaboda na wenyeji walisikizwa, na maoni yao yakajibiwa kwa maandishi?

Funzo la Oakland, basi, lina pande mbili. Mfuko ukifungwa mapema, unaweza kufanya kwa barua moja kazi ambayo mahakama huifanya kwa miaka sita. Lakini meno yanayotegemea hisani ya aliye madarakani yanaweza kung'olewa kwa sahihi moja. Kenya ina Katiba ambayo rais hawezi kuifuta kwa amri. Ikiliunganisha sharti la Katiba na ufunguo wa hazina, mwananchi atasikizwa kabla tingatinga halijawashwa, si baada ya gati kuzinduliwa.