Neno "Nimekopa"



Karani akionekana na upungufu wa fedha, husemwa neno moja tu: mwizi. Sisi hatutetei wizi. Lakini Bwana Donald Cressey, mtaalamu wa Marekani, aliona kwamba neno hilo peke yake halielezi kitu. Akaingia magerezani, mojawapo likiwa lile la Joliet katika Illinois, akazungumza na wafungwa zaidi ya mia moja waliokabidhiwa fedha wakazila. Aliwachukua wale tu walioshika kazi kwa nia njema, si waliotafuta kazi ili waibe. Kitabu chake, Other People's Money, kilitoka mwaka wa 1953.

Aliona hivi. Kila mmoja alipatwa na shida ya fedha ambayo aliona hawezi kumwambia mtu. Kisha akatambua kwamba kazi yake yenyewe yaweza kumwokoa kwa siri. Mwisho akapata neno la kuutuliza moyo, na neno la wengi lilikuwa: nimekopa, nitarudisha.

Waalimu wa uhasibu siku hizi huyachora mambo hayo kama pembetatu. Matajiri wameipenda pembe moja, ile ya nafasi: wananunua kufuli, wanaongeza wakaguzi, wanaweka kamera juu ya keshia. Ukaguzi hatuukatai. Lakini ile siri, je? Nani anaifanya shida ya karani iwe siri? Akiomba mshahara kabla ya siku yake hutukanwa mbele ya wenzake. Safari ya pili haombi tena. Sheria ya Ajira ya 2007 yaruhusu kumkata aliyeajiriwa kutunza fedha, ikiwa upungufu umetokana na uzembe au udanganyifu wake. Haikusema kila senti iliyopotea dukani. Lakini keshia anayejua kwamba atakatwa tu, bila kuulizwa, huziba shimo la leo kwa fedha za kesho, na hapo ndipo safari inapoanza.

Wala tusisingizie mshahara mdogo peke yake. Mfagiaji hupokea kidogo kuliko mhasibu, na hagusi kitu.

Na sisi wenyewe? Neno "nimekopa" tumelisikia katika matawi yetu, tena juu ya fedha za mazishi. Mfiwa amekuja, sanduku ni tupu, na mweka hazina asema atarudisha mwisho wa mwezi. Maiti hangoji mwisho wa mwezi. Tajiri hakuwapo hapo. Tulikuwa sisi kwa sisi.

Kwa hiyo twataka mapatano yajayo yawe na kifungu cha kuomba fedha za mbele kwa faragha, na tajiri ajibu kwa barua. Na kila tawi liwe na sahihi mbili kwa kila shilingi inayotoka, na daftari lisomwe mkutanoni kila mwezi hata kama hakuna aliyeuliza. Mweka hazina mwenye shida aiambie kamati kabla hajafungua sanduku, na kamati isiipeleke habari hiyo kwenye kibanda cha chai.

Ni matawi gani yamekwisha kusoma daftari lao mwaka huu? Makatibu watuletee majibu kabla ya mkutano wa wajumbe. Tutayapiga chapa hapa, pamoja na majina ya matawi yasiyojibu.